Gari Likilala Masika Nzima: Mwongozo Kamili wa Kulinda Matairi Arusha na Moshi

Masika yakishika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, kazi ya utalii Arusha hupoa. Wageni hupungua, kambi kadhaa hifadhini hufungwa, na magari yaliyokuwa yakipishana kwenye barabara ya Karatu tangu Desemba huingizwa uani na kuzimwa. Upande wa Moshi kalenda ni nyingine. Gari la nyumbani huachwa Machame, Kibosho au Rombo chini ya uangalizi wa wazee, mwenyewe yuko Dar es Salaam au ughaibuni, na linatafutwa funguo Desemba watu wanapopanda kwa ajili ya Krismasi.

Wenzetu wa nchi za baridi wana utaratibu wa kila mwaka: theluji ikikaribia wanafunga matairi ya theluji na kuhifadhi ya kiangazi, ikiisha wanabadilisha. Sisi theluji tunaiona kwa mbali, kileleni Kibo, kwa hiyo wengi hatujawahi kuambiwa kwamba tairi lina namna yake ya kuhifadhiwa. Tunadhani gari likisimama matairi yanapumzika. Kinyume chake, tairi lililosimama vibaya miezi sita linaweza kuharibika kuliko lililotembea miezi hiyo hiyo kwenye lami. Na tairi likipasuka katika mwendo kasi, gari likiwa na watu ndani, hilo si suala la hasara ya fedha tena. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu.

Kinachoendelea ndani ya tairi lililosimama

Mpira wa tairi si mpira mtupu. Kiwandani huchanganywa na kaboni nyeusi, salfa, mafuta, pamoja na nta na kemikali za kuukinga dhidi ya ozoni iliyomo hewani. Nta hiyo hutoka ndani polepole na kutanda juu ya ngozi ya tairi. Hutoka zaidi tairi linapozunguka, linapopinda na kunyooka chini ya uzito na kupata joto, kama jasho linavyomtoka mtu anayelima. Tairi lisilozunguka halijipaki kinga yake vya kutosha. Ozoni nayo hushambulia zaidi mpira uliovutwa, yaani pale ubavu ulipobonyea karibu na ardhi na kwenye mifereji iliyo kati ya kashata, vile vipande vya mpira vilivyochomoza vinavyokanyaga barabara. Chunguza tairi kuukuu lolote, utakuta nyufa zimeanzia huko.

Halafu kuna jua. Arusha iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kadiri unavyopanda mlima. Ubaridi wa Juni na Julai usikudanganye. Mawingu yakifunguka saa nane mchana, tairi lililo nje linapigwa sawasawa.

La tatu ni uzito. Land Cruiser la utalii lina zaidi ya tani mbili kabla hujapakia mtu. Uzito huo wote unakaa juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kiganja. Sehemu iliyogusa chini hubanwa, nyuzi za ndani hujizoesha umbo hilo, na tairi hupata bapa. Bapa la wiki chache hupotea tairi likitembea na kupata moto. La miezi mingi, hasa kama upepo ulikuwa umepungua, huwa la kudumu: usukani unatetemeka, mwili wa gari unadunda, na balansi haisaidii kitu.

La nne, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni upepo. Hata tairi zima lisilo na pancha hupoteza kati ya psi 1 na 2 (psi ndicho kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji) kwa mwezi, kwa sababu hewa hupenya kwenye mpira wenyewe. Ukiacha gari na upepo 32 mwezi wa kwanza, mwezi wa saba unaweza kukuta 22. Upepo ukipungua, bapa linapanuka, ubavu unakunjika zaidi, na nyufa ambazo zingebaki juu juu zinafunguka. Kwa hiyo kama huna nafasi ya kufanya yote yaliyo humu, fanya la upepo. Geji nzuri ya mkononi ni bei ndogo sana ukilinganisha na tairi moja.

Hatua ya kwanza: soma tairi kabla ya kulilaza

Fanya hivi mchana, na uinamie kila gurudumu. Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate maandishi yake hadi tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 1422, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2022. Mara nyingi tarakimu hizo zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona nje, ingia chini ya gari uangalie ubavu wa ndani. Viwanda vingi vinashauri tairi likitimiza miaka 5 kazini likaguliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe, hata kama kashata bado zimejaa. Tairi la miaka tisa halistahili gharama ya kuhifadhiwa.

Angalia pia alama za kuisha, vile vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji. Kashata zikilingana navyo umebaki na milimita 1.6, na hilo ni tairi la kubadilisha kabla ya mvua nyingine. Pitisha kiganja ubavuni kutafuta uvimbe. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Hakuna kiraka chake.

Kisha miiba. Gari lililotoka Tarangire au Serengeti lina miiba ya mgunga kwenye matairi, niamini. Mwiba ukivunjikia ndani hujiziba wenyewe, upepo unatoka kidogo kidogo, na dereva aliyekuwa akijaza kila asubuhi hakuona tatizo. Gari likilala, hapo ndipo linapogundulika, na limechelewa: tairi limekaa chini, rimu inakata ubavu.

Chukua chupa ya kunyunyizia, weka maji na sabuni ya kuoshea vyombo, nyunyiza tairi lote taratibu ukilizungusha. Subiri dakika moja. Mahali panapovuja utaona vipovu vidogo vyeupe vikijikusanya pamoja na kukua bila kupasuka. Futa kwa kitambaa, sogeza uso karibu, utakuta ncha nyeusi isiyozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, imezama kati ya kashata mbili. Usiivute kwa koleo ukiwa peke yako nyumbani. Chora duara kwa chaki, mpelekee fundi pancha. Nyunyiza na kwenye valvu pia, ukiwa umetoa kifuniko. Valvu inayotoa povu hubadilishwa kwa dakika chache na fedha kidogo.

Mawe madogo yaliyokwama kwenye kashata yachokoe kwa bisibisi butu. Usichimbe kwa nguvu.

Hatua ya pili: osha, na usipake kitu

Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, nje na ndani ya ubavu. Udongo mwekundu wa Karatu ukikaukia kwenye rimu hushika unyevu, na kutu huanzia hapo hapo rimu inapokutana na tairi, mahali ambapo upepo hupita kwanza. Acha vikauke kabisa.

Sasa nasema kwa msisitizo. Ile desturi ya kupaka matairi oil chafu, dizeli au mafuta ya taa ili yang'ae ni sumu kwa mpira. Mafuta ya petroli huingia ndani, huuvimbisha na kuulainisha, na huosha ile nta ya kinga niliyoieleza juu. Tairi linapendeza wiki moja, kisha linachanika kwa miaka iliyobaki. Hata dawa za kung'arisha zinazouzwa madukani, kama zina mafuta ya petroli ndani, weka kando kipindi hiki. Tairi la kuhifadhi linatakiwa liwe safi, kavu, jeusi la kufifia. Waambie vijana wanaokuoshea gari mapema, maana wengi wao hupaka kwa nia njema wakijua wanakufurahisha.

Hatua ya tatu: upepo

Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limesimama angalau saa tatu. Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kipimo cha kila siku, na watu wengi hapa wanachanganya haya mawili.

Kwa gari litakalosimama juu ya matairi yake, ongeza psi 5 hadi 7 juu ya kipimo cha mlangoni, bila kuvuka kile kikomo cha ubavuni. Kama mlango unasema 32, laza gari na 38. Nyongeza hiyo inapunguza bapa na inakupa akiba ya kuvuja. Kisha andika karatasi, "UPEPO UMEZIDISHWA, PUNGUZA KABLA YA KUENDESHA", uifunge kwenye usukani kwa kamba. Gari lenye upepo uliozidi linashika barabara vibaya, na atakayeliwasha huenda si wewe.

Baridi nayo inakula upepo. Kila joto linaposhuka nyuzi 6 hivi, geji inashuka psi 1. Ukijaza mchana wa Februari wenye nyuzi 28, ukapima alfajiri ya Julai kukiwa na nyuzi 12, utakuta pungufu ya karibu 3 bila pancha yoyote. Kinyume chake, anayepanda kutoka Dar es Salaam ataona geji Arusha inasoma psi 2 hivi zaidi, kwa kuwa hewa ya nje huku juu ni nyepesi na geji hupima tofauti kati ya ndani na nje. Pima upya palepale gari litakapolala.

Funga vifuniko vya valvu vyote vinne. Vimepotea? Nunua. Vumbi likiingia kwenye valvu linazuia isifunge vizuri.

Hatua ya nne: mahali pa kulilaza

Banda lenye paa na sakafu ya zege kavu ndiyo bora. Sakafu iwe haina madoa ya oil. Tairi lililosimama miezi juu ya doa la oil hulegea pale pale linapogusa.

Huna sakafu? Usiliache juu ya udongo mtupu masika. Udongo mweusi wa mbuga hunywa maji ukawa uji, gurudumu linazama, na tope linashika ubavu unyevu muda wote. Weka slabu za zege au bloku za pevingi chini ya kila tairi, zilizopangwa pana kuliko tairi lenyewe ili pembe zisimege mpira. Mbao nene zinafaa, ila zina mchwa, na wengi huzuia mchwa kwa kupaka mbao oil chafu. Hapo umelirudisha tairi kwenye mafuta. Zege ni salama zaidi.

Kama gari lazima likae nje, tazama jua la mchana linapiga upande gani. Funika magurudumu ya upande huo kwa magunia au turubai la rangi nyeupe, ukiacha hewa ipite chini. Kufunika gari zima kwa nailoni iliyofungwa hadi ardhini ni kosa: unyevu unanaswa ndani, breki zinashika kutu, na panya wanapata nyumba.

Jambo ambalo watu hawalitegemei ni umeme. Cheche za mashine za kuchomelea na za mota za umeme huzalisha ozoni, adui yule yule wa mpira. Kwa hiyo usilaze gari wala kurundika matairi jirani na mchomeleaji, kompresa ya umeme, jenereta au chaja ya betri. Maeneo ya Arusha kama Unga Limited, ambako gereji na wachomeleaji wamebanana, ni mazuri kwa kutengeneza gari, si kwa kuliacha miezi mitatu.

Ukishaegesha, usivute handbreki. Breki zinaweza kuganda zikishikana na kutu. Weka gia, au P kwa gari la automatiki, kisha zuia magurudumu mbele na nyuma kwa magogo yaliyochongwa kama kabari. Kwenye mteremko, tafuta kwingine.

Hatua ya tano: chagua namna, kulingana na muda

Gari likilala chini ya mwezi mmoja, hayo ya juu yanatosha.

Mwezi mmoja hadi mitatu, ambayo ndiyo masika ya magari mengi ya utalii, njia nzuri ni kulitembeza. Kila wiki mbili au tatu litoe, liende kilomita 15 hadi 20 kwenye lami mpaka matairi yawe na joto, lirudi. Hapo umenyoosha bapa, umetoa nta, umechaji betri na umesafisha diski za breki kwa mara moja. Kuwasha injini na kuiacha inaunguruma uani hakulisaidii tairi hata kidogo. Kumbuka kurudisha upepo wa kawaida kabla ya kutoka, na kuongeza tena tairi likipoa.

Haiwezekani kutoka, labda bima imeisha au hakuna dereva? Basi lisogeze. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi, pale chini linapogusa. Kila baada ya wiki mbili sukuma gari mpaka mstari umezunguka robo. Kwa Noah lenye matairi ya 195/65R15, mzunguko mzima ni kama mita 2, kwa hiyo robo ni nusu mita tu. Kwa Land Cruiser lenye 7.50R16, mzunguko ni kama mita 2.5, robo yake sentimita 63 hivi. Ukisogea mara tatu umemaliza pande zote nne na hujatumia hata mita mbili za uani, unarudi ulipoanzia. Atakayesukuma atoe gia na zile kabari kwanza na azirudishe mwisho, na mtu mmoja akae kwenye usukani, mguu karibu na breki.

Zaidi ya miezi mitatu, napendelea kulinyanyua. Tumia stendi za chuma zilizoandikwa uwezo wake wa uzito, zikae kwenye zege. Land Cruiser la kazi lina ekseli nzima nyuma, na modeli nyingi mbele pia, basi stendi ziwekwe chini ya ekseli ili springi zibaki zimebeba uzito kama kawaida. Kwa magari madogo, fuata sehemu za kunyanyulia zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Gurudumu likipita juu ya ardhi kwa sentimita mbili tatu, inatosha.

Usitumie matofali wala bloku za saruji badala ya stendi. Bloku hubeba uzito kimya kimya, kisha hupasuka ghafla bila kuonya, na siku hiyo fundi au mtoto anaweza kuwa chini ya gari. Wala jeki peke yake isiachwe na mzigo usiku kucha. Mpira wake wa ndani ukivuja hushuka. Kwenye hili naomba usiwe na huruma na mfuko wako.

Ukiamua kuyafungua matairi

Wengine huyafungua kabisa na kuyaweka stoo, jambo zuri kama nyumba haina mtu na wezi wanajulikana mtaani. Andika kila moja kwa chaki lilipotoka: mbele kulia, nyuma kushoto. Nati ziweke kwenye mfuko mmoja, uufunge kwenye usukani.

Yenye rimu yapange kwa kulaza moja juu ya jingine, yasizidi manne, na la chini liende juu kila mwezi. Yasiyo na rimu yasimamishwe wima, yazungushwe kidogo kila mwezi, yasitundikwe kwenye msumari wala kulundikwa marefu, maana hupoteza umbo. Yakikauka vizuri, yavishe kila moja mfuko mweusi wa plastiki, kamua hewa, funga. Mafuta yaliyomo ndani ya mpira hayatavukizwa haraka, na mwanga hautapita. Yaweke mbali na madumu ya dizeli, rangi, mbolea na dawa za shambani, ambavyo kwenye stoo za kijijini huwa bega kwa bega.

Tairi likikaa nje likijaa maji ya mvua, linakuwa kitalu cha mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue. Hata lile kuukuu la kupandia maua litoboe chini.

Onyo kwa wenye Land Cruiser la rimu za ringi, zile zenye tyubu na ringi ya chuma inayovuliwa: asiguse mtu ringi hiyo kabla moyo wa valvu haujatolewa na upepo wote kuisha. Ringi ikiruka na upepo ndani inaua. Kazi hii ni ya fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia upepo.

Tairi la spea, na lile lililokuja na gari

Spea ndiyo tairi linalolala kuliko yote. Kwenye magari ya utalii limefungwa mlango wa nyuma, jua la mwaka mzima liko nalo, halizunguki. Kashata zake mpya kabisa, ubavu umejaa nyufa. Siku unapolihitaji, uko kilomita 80 kutoka lami, ndipo unapogundua. Livishe kifuniko, lijaze upepo wa gurudumu la nyuma pamoja na psi chache, na kila unapofanya mzunguko wa matairi liingize kwenye zamu.

Jambo jingine la kwetu. Magari mengi yanayoagizwa kutoka Japani huja na matairi ya theluji. Ubavuni utakuta neno STUDLESS, au jina kama Blizzak, au picha ya mlima wenye kipande cha theluji ndani. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye barafu. Kwenye lami ya moto ya Moshi huisha upesi, na breki za dharura hazina uhakika. Kama hayo ndiyo uliyonayo, usitumie fedha kuyahifadhi. Tumia kipindi hiki gari limelala kutafuta mengine.

Mtu wa kuangalia

Mwongozo huu wote unategemea aliyebaki nyumbani. Unapiga simu: "Shikamoo babu, matairi ya gari yakoje?" Babu anajibu: "Marahaba mwanangu, yako vizuri tu." Hakudanganyi. Ila tairi la radiali (zile zenye herufi R ubavuni) lenye upepo 22 kwa macho linafanana sana na lenye 32. Jicho halipimi.

Mwachie geji, na kabla hujaondoka pima naye pamoja mara moja, matairi yote na spea, yeye mwenyewe akishika geji. Mnunulie daftari lenye safu tano. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asubuhi kabla jua halijapiga, aandike namba. Mjukuu akipiga picha ukurasa na kukutumia kwa WhatsApp, unayaona matairi yako ukiwa popote. Tairi likishuka psi 3 zaidi ya wenzake ndani ya mwezi, mtume fundi pancha alifungue. Na mpampu wa miguu uwepo hapo hapo nyumbani, ili kujaza kusisubiri mtu wa mjini. Hii ni kazi, kwa hiyo mpe kitu chake kila mwezi. Huo ni uungwana na pia ndiyo njia ya kupata namba za kweli.

Siku ya kuliamsha

Usiwashe na kuondoka. Zunguka kwanza. Tazama ubavu wote, sukuma gari kidogo uone na sehemu iliyokuwa chini. Bonyeza ubavu kwa vidole gumba viwili: nyufa nyembamba za juu juu ni uzee wa kawaida wa kufuatilia, lakini ufa unaoingiza ukucha, au unaoonyesha nyuzi, umelimaliza tairi. Tairi lililokutwa limekaa chini kabisa usilijaze na kusafiri nalo. Lifunguliwe, fundi atazame ndani, kwa sababu ubavu uliokunjwa na rimu miezi kadhaa huharibikia upande usioonekana.

Pima upepo, shusha hadi kipimo cha mlangoni, na sasa utoe ile karatasi ya usukani. Kagua chini kama panya wamekata mipira ya breki au waya za sensa. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kutoka getini.

Kilomita 20 za mwanzo zisizidi mwendo wa 60, kwenye lami tulivu. Mtetemo wa mwanzo ni wa kawaida na unatakiwa upungue kadiri tairi linavyopata joto. Ukifika nusu saa bado usukani unatetemeka vile vile, simama, gusa kila tairi kutafuta lenye joto kuliko mengine, rudi taratibu kwa fundi wa balansi. Akisawazisha na mtetemo ukabaki, bapa limekuwa la kudumu. Tairi hilo lisipande tena na wageni wala familia.

Kama magurudumu yalifunguliwa, kaza nati kwa kuvukisha, moja na inayoikabili, gari likiwa chini. Zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100, maana hulegea kidogo zikishajikalia. Anayeanzia Arusha kwenda Karatu atafanya hivyo Makuyuni, kabla hajakunja kulia kuelekea Mto wa Mbu.